Namba ya oksijeni na daftari la mhasibu

Muulize mhasibu wa kiwanda cha saruji kwa nini mtambo wa kupima gesi kwenye dohani ulinunuliwa, atakwambia ni kwa ajili ya watu wa mazingira. Mwendesha tanuru wa zamu ya usiku hatawataja kabisa. Yeye atakuonyesha namba tatu kwenye skrini: oksijeni, kaboni monoksaidi na oksaidi za naitrojeni. Ubishi kama inalipa kupima moshi saa zote, badala ya kumwita mtaalamu mara moja au mbili kwa mwaka, umekaa katikati ya majibu hayo mawili.

Klinka, yaani mawe yanayosagwa kuwa saruji, huiva kwenye nyuzi joto 1,450 hivi, ndani ya bomba la chuma linalozunguka, mahali ambapo kipimajoto cha kuchomeka hakidumu. Sasa mwendeshaji atajuaje kwamba ndani kumeanza kupoa? Huangalia oksaidi za naitrojeni. Gesi hizi huzaliwa kwa wingi mwali ukiwa mkali. Zikianza kushuka, tanuru linapoa, na si muda maabara italeta habari mbaya ya chokaa ambayo haikuungana. Gesi ambayo sheria inaiita uchafu, kwake ni dirisha.

Oksijeni ndiyo yenye pesa. Ikizidi, unachoma makaa kwa ajili ya kupasha hewa moto na kuitupa nje. Ikipungua, kaboni haiungui ikaisha. Inaishia njiani ikiwa kaboni monoksaidi, na hapo imetoa chini ya theluthi ya joto ambalo ingetoa kama ingeungua mpaka ikawa hewa ukaa. Makaa umeyalipia yote. Tena gesi hiyo ikifika kwa wingi kwenye kichujio cha vumbi cha umeme, chenye cheche, inaweza kulipuka. Ndiyo maana kichujio hujizima kaboni monoksaidi inapopanda, vumbi likatoka wazi na majirani wakaanza kupiga simu.

Mpaka hapo mhasibu ananisikiliza akitabasamu, kwa sababu ana jibu zuri. Vipimo vyote nilivyovisifu, atasema, vinakaa mdomoni mwa tanuru. Tunavyo tangu kiwanda kilipojengwa. Kwa nini nilipie vingine kule juu ya dohani, ambako moshi umeshachanganyika na hewa na habari imeshachelewa?

Ana haki, kwa kiasi kikubwa. Wauzaji wa mitambo hii wana tabia ya kukutajia akiba inayopatikana kwenye tanuru, kisha wakakuuzia kipimo cha dohani. Ila kuna kitu kimoja anachokisahau. Toa oksijeni ya mdomoni mwa tanuru kwenye oksijeni ya dohani, utaona hewa ya magendo: ile inayopenya kwenye nyufa, milango iliyolegea na maungio yaliyochakaa. Hewa hiyo hailipi kodi wala haipiki klinka, lakini feni kubwa ya kuvuta moshi inaibeba, na bili ya umeme inaibeba pia. Kwa hesabu hiyo hahitaji mtambo mzima, kipimo kizuri cha oksijeni kinatosha.

Gharama nazo si za kununua tu. Mrija wa kunyonya moshi huziba vumbi. Njia ya sampuli lazima ipashwe moto ili mvuke usigeuke maji humo yakalamba gesi ya salfa kabla haijapimwa. Mitungi ya gesi ya kusahihishia vipimo huagizwa kutoka nje na ina tarehe ya kuisha muda. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo skrini ilionyesha oksijeni karibu asilimia 21 kwa wiki kadhaa. Hiyo ni hewa ya chumbani. Mrija ulikuwa umechomoka, mtambo ukivuta pumzi ya ofisini, na ripoti ya mwezi ikatoka safi kama theluji ya Kilimanjaro.

Hoja inayonichosha ni ya Ulaya. Tangu Januari 1, 2026, Umoja wa Ulaya unatoza ada ya hewa ukaa mpakani kwa saruji, chuma, alumini na mbolea, na tumeanza kusikia kwamba bila kipimo cha hewa ukaa kwenye dohani soko litafungwa. Si hivyo. Katika saruji, takribani asilimia 60 ya hewa ukaa hutoka kwenye chokaa yenyewe inapopasuliwa na moto, na iliyobaki kwenye nishati. Ukijua uzito wa ulichoingiza na kemia yake, unaikokotoa, na kanuni za Ulaya zinakubali ukokotoaji. Halafu saruji ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo. Muuzaji akija na hoja hii, jiulize wewe hupeleka Ulaya tani ngapi.

Kuhusu vipimo kugeuka ushahidi mahakamani, nina mashaka zaidi na ukimya. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, walikwenda mahakamani na vipimo vya madini ya risasi katika damu yao. Mwaka 2020 iliamuliwa walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo mwaka 2024 baada ya kutenguliwa kwenye rufaa. Mwenye kiwanda anaweza kuogopa kumbukumbu zake zisije zikamfunga. Lakini asipokuwa nazo, kesi itasikilizwa kwa namba za wengine.

Marekani waliipata dawa ya mrija uliochomoka. Chini ya mpango wa mvua ya asidi uliotokana na sheria ya mwaka 1990, saa ambazo kipimo cha mtambo wa umeme hakifanyi kazi hazihesabiwi sifuri. Hujazwa kwa namba ya kikanuni, na ukimya ukirefuka namba hiyo huwa kali zaidi. Kila tani ya gesi ya salfa lazima iwe na kibali, na kibali ni pesa. Kwa hiyo fundi wa vipimo akiomba vipuri, anapewa. Kwetu Tanzania kanuni za viwango vya hewa zipo tangu 2007, lakini kipimo kilichokufa mara nyingi hakimgharimu mtu kitu.

Ningekuwa meneja, ningeanza na vipimo vya tanuru, nihakikishe vinasema kweli. Kisha oksijeni ya dohani. Hayo mengine ningeyanunua siku mkaguzi atakapoanza kuuliza kuhusu saa za ukimya, na kabla ya kusaini ningetaka kujua ni nani atakayepanda juu Jumapili kuuzibua mrija.