Utasa wa 2,147,483,647 na kisingizio cha kompyuta

Waandika programu wengi wa hapa Dodoma wanaijua 2,147,483,647 kama ukuta: biti 32 zinazobeba pia namba hasi haziwezi kuivuka. Mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 itaugonga ukuta huo 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Halafu utasikia mtu anadai kompyuta ziliichagua kwa kuwa ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hapana. Ukomo wa biti 16 ni 32,767, yaani 7 × 31 × 151, na ule wa biti 64 unagawanyika kwa 7. Ukomo ni 2 kwa kipeo fulani, toa 1, basi; kwa namba yetu kipeo ni 31. Ukitokea kuwa tasa, ni bahati.

Utasa wenyewe ndio wenye utamu, na ndio tunaoufundisha kwa haraka mno. Mkulima wa zabibu Hombolo mwenye miche 91 ataipanda mistari 7 ya miche 13. Akiwa na 97, mistari sawasawa hapati. Kuthibitisha 97 unajaribu 2, 3, 5 na 7 tu, maana 11 × 11 imeshaipita. Kwa namba yetu kipeuo cha pili kinakaribia 46,341, na chini yake kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Hiyo ni chaki nyingi.

Mwanahisabati Euler, aliyeuthibitisha utasa wa 2,147,483,647 mwaka 1772, alijua njia ya mkato. Kwa kuwa kipeo 31 ni tasa, kigawo chochote tasa kikigawanywa kwa 62 lazima kibakize 1. Na kikigawanywa kwa 8, kibakize 1 au 7. Unganisha masharti hayo: kwa 248, baki ni 1 au 63 pekee. Namba zinazosalia chini ya 46,341 hazifiki 400, na nyingi si tasa.

Ya kwanza kujaribiwa ni 311. Usigawanye namba nzima. Kikokotoo cha tarakimu 8 hakiipokei hata. Anza na 2 kwa kipeo cha 8, ambayo ni 256. Zidisha 256 kwa yenyewe, gawanya kwa 311: baki 226, kipeo cha 16. Rudia: baki 72, kipeo cha 32. Nusu yake, 36, ni kipeo cha 31. Toa 1: baki 35, si sifuri, kwa hiyo 311 imeshindwa. Wengi hukwama hapo kwenye nusu: baki ikiwa witiri, iongezee kwanza kigawo unachojaribu, ndipo uigawe kwa 2.

Kosa jingine, baya zaidi, ni kudhani kipeo kikiwa tasa kazi imeisha. Kipeo cha 11 kinatoa 2,047, nayo ni 23 × 89.

Baada ya 311, orodha inaleta 497, 559, 745, 807, 993, 1,055 na 1,241. Zote si tasa, zipite. Inayofuata kujaribiwa ni 1,303.