Kutundika kioo nako ni kazi?

Jumapili jioni, kwenye baraza letu la Mji wa Kale, kahawa chungu ilipoa vikombeni kwa ubishi. Kijana wa mtaa, aliyemaliza shahada ya uzamivu katika fizikia, ameitwa Ulaya kwa mkataba wa miaka miwili, awe mtafiti wa baada ya uzamivu. Mzee mmoja akamuuliza, "Sasa mwanangu, huko wenda kufanya kazi gani hasa?" Kijana akajibu kwa adabu, "Kutafuta njia ya kutundika kioo, babu, kisitikisike." Baraza likaangua kicheko. Kutundika kioo! Na fundi wa fremu yuko hapo chini, wala hakuvuka darasa la nane.

Nami nilicheka. Lakini ubishi uliofuata haukuwa wa mzaha, na kila upande ulikuwa na neno. Nitajaribu kuyapima yote mawili, ingawa sitajifanya sina ninakoelemea.

Kioo chenyewe ni cha vigunduzi vya mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya anga yenyewe, ambayo ikipita hunyumbua umbali kidogo sana. Habari zake kubwa wengi wanazo: kigunduzi cha LIGO cha Marekani kilinasa wimbi la kwanza tarehe 14 Septemba 2015, la mashimo meusi mawili (vitu vyenye mvuto mkali hata mwanga hauponyoki) yaliyogongana umbali wa miaka ya nuru bilioni 1.3 kutoka hapa, na Nobeli ya mwaka 2017 ikaenda kwa Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne. Kisichosimuliwa sana ni jasho la mafundi.

LIGO ina vituo viwili, na kila kimoja kina mikono miwili yenye urefu wa kilomita 4. Mwanga wa leza hupita ndani ya mabomba yaliyonyonywa hewa, ukagonga kioo mwisho wa mkono na kurudi. Wimbi lile la 2015 lilipopita, urefu wa mikono ulibadilika kwa kiasi kidogo kuliko protoni moja, chembe iliyomo ndani ya kiini cha atomi, tena mara mamia kadhaa. Ukitaka kupima kitu kidogo hivyo, kila kilichopo duniani kinakuwa kelele: lori barabarani, upepo, hata joto la kioo chenyewe. Mwaka 2017, kwenye kituo cha Hanford, kelele ya ajabu ilifuatiliwa mpaka ikaonekana ni kunguru wakidonoa barafu iliyoganda kwenye bomba la kupozea mitambo. Sisi wa Mombasa, ambao kunguru hutupora samaki mkononi, hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Kelele iliyonikaa mimi kichwani ni ya bahari. Mawimbi ya bahari yanayotoka pande mbili yakikutana huisukuma sakafu ya bahari, na msukumo ule husafiri ardhini mpaka bara ya mbali kabisa. Ardhi hupanda na kushuka polepole, mara moja kila sekunde chache, usiku na mchana, kwa kiasi cha mikromita moja hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Hapa kusi ikikaza mwezi wa saba unausikia mwamba wa Nyali ukinguruma, na mguu wako usihisi kitu. Lakini mikromita hiyo moja ni kubwa kuliko ishara inayotafutwa mara zaidi ya bilioni 100. Nimeirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea sifuri.

Basi huizuii kwa ukuta. Palepale barazani nilimwomba mzee kufuli ya duka lake, nikaifunga kwa uzi, nikaishika juu. Nilipoupeleka mkono kulia na kushoto polepole, kufuli iliufuata. Nilipouharakisha mkono, kufuli ilitulia kama imepigiliwa hewani, uzi peke yake ukicheza. Ni timazi tu, ile ile ya fundi wa nyumba. Ukiitikisa kwa kasi iliyo mara 10 ya mwendo wake wa asili, mtikisiko unaofika chini unakuwa kama sehemu moja ya 100. Ukitundika timazi ya pili chini ya ile, unapata sehemu moja ya 10,000. Kwa timazi nne ni sehemu moja ya milioni 100. LIGO hutumia nne. Ya mwisho ndiyo kioo chenyewe, cha kilo 40, kinachoning'inia kwa nyuzi nne za kioo safi, kila moja unene wa milimita 0.4. Mwanzoni zilitumika nyaya za chuma, lakini chuma kina msuguano wake wa ndani na huongeza kelele ya joto. Nyuzi za kioo zilitengenezwa na makundi ya watafiti kama lile la Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, watu wakizivuta kwa leza, wakizipima, wakizikata makusudi wajue zinabeba kiasi gani.

Ila aliyekuwa makini na kufuli amekwisha kuona tatizo. Mkono wa polepole ulifuatwa, na mtikisiko wa bahari ni wa polepole. Timazi haiuzuii. Hapo ndipo zinapoingia meza zinazojisawazisha zenyewe: kihisi kinasikia ardhi ikipanda, mtambo unasukuma chini kwa kiasi kile kile, bila kuchelewa na bila kuongeza kelele yake. Dhoruba ikichafuka baharini, vigunduzi hushindwa kujishikilia na usikilizaji hukatika, hata mashimo meusi yakigongana saa hiyo hiyo. Kijana wetu, kwa maneno yake, anakwenda kutengeneza kihisi bora cha kazi hiyo. Mtoto aliyelala miaka yote akisikia bahari anakwenda kufundisha mashine isiisikie!

Sasa upande wa pili. Mzee aliyecheka zaidi alikuwa na hoja nzito kuliko kicheko chake. Mkataba ni wa miaka miwili. Ukiisha unatafuta mwingine, pengine nchi nyingine, viza nyingine. Wapo wanaofika miaka 40 wakihama na masanduku. Kwa wajenzi wa vifaa mambo ni magumu zaidi. Makala iliyotangaza ugunduzi wa 2015 ina waandishi zaidi ya 1,000, majina yakifuata alfabeti. Aliyetumia miaka sita kwenye uzi mmoja yumo humo, katikati ya umati. Na fedha si za kutegemea. Mwaka 2025 pendekezo la bajeti ya serikali ya Marekani lilitaka kimoja kati ya vituo viwili vya LIGO kifungwe. Hata mfuko wa tajiri huishiwa.

Halafu kuna hoja ya maji, ambayo hapa haikosekani. Mji ambao mkokoteni wa madumu bado ni biashara, na bomba likitoa maji watu wanaitana, una haki ya kuuliza msomi wake anasikiliza nini huko mbali. Siikubali hoja hii mpaka mwisho, kwa sababu kijana huyu hakuletewa kazi ya mabomba akaikataa. Lakini siwezi kuicheka pia.

Kinachonifanya nielemee upande wake ni Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini kaskazini ya kwetu hapa. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei angani, na kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miali hiyo. Kimoja, Cygnus X-1, kilimetameta kwa kasi ya ajabu, na ndicho kilichokuja kuwa shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wanasayansi wengi. Yaani safari ya mashimo meusi, kutoka nadharia kuwa kitu kinachoonekana kwenye vipimo, ilipitia maji ya Pwani yetu, ikiwa na jina la Kiswahili. Miaka 45 baadaye LIGO ikayasikia yakigongana.

Sisi tulitoa nini? Bahari, ikweta na jina. Kifaa kilichokuwa ndani ya setilaiti kilibuniwa na kundi la Riccardo Giacconi huko Marekani, aliyepata Nobeli mwaka 2002. Hakuna aliyetunyang'anya, hatukuwa na mtu wa kukijenga. Ndiyo maana nashindwa kuuona ufundi wa kijana huyu kuwa anasa. Mwanafizikia anayesoma data anaweza kuisoma akiwa Tudor, ikiwa intaneti haijakatika. Anayejua kutoa hewa kwenye bomba mpaka libaki tupu, kutuliza leza, kunyamazisha meza, hawezi kujifunza hayo isipokuwa kwa kukaa na wanaoyafanya, mkono kwa mkono, kama seremala wa jahazi.

Na ufundi huo haubaki angani. Kundi hilo hilo la Glasgow lilitangaza mwaka 2016 kihisi cha graviti kilichochongwa kwenye kipande cha silikoni kidogo kama stempu, kikaweza kupima ardhi yenyewe ikipanda na kushuka kwa mvuto wa mwezi. Tunajua bamvua ya maji. Kumbe na nchi kavu ina bamvua yake, ya makumi ya sentimita. Vihisi vya namna hiyo vimepelekwa kujaribiwa kwenye volkano ya Etna. Bonde la Ufa nalo lina volkano na mvuke wa Olkaria, kwa hiyo aniambie mtu kwamba hatuna kazi ya kihisi kama hicho.

Wala si lazima soko liwe Ulaya milele. Aprili 2023 serikali ya India iliidhinisha ujenzi wa LIGO ya tatu huko Hingoli, Maharashtra, ng'ambo ya bahari hii hii ambayo kaskazi ilituletea majahazi. Watahitajika wajuzi wa kutundika vioo.

Ninapokwama ni pale alipokwama mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote. Aliuliza, "Na miaka miwili ikisha?" Sheria yetu ya sayansi ya 2013 ililenga asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti, na hatujaikaribia. Akirudi na ujuzi wake, hakuna chumba cha kuuweka. Na akiomba nafasi chuoni, jina moja kati ya 1,000 litapewa alama ngapi? Hilo si kosa la kioo, lakini ndilo litakalomla kijana.

Anatakiwa ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ameniambia atawauliza waajiri kama anaweza kuleta kihisi kimoja Mombasa, akakifukia mahali pa utulivu asikilize kusi inaingiaje ardhini. Mama yake akamwambia aulize na mshahara wa mwaka wa tatu.