Kioo kipya, mvua ndani

Lori la kokoto likikutangulia barabara ya Njoro, anza kuomba. Halina turubai, kijiwe kinaruka, tah! Ufa mdogo kama ukucha kwenye kioo cha mbele. Baridi ya Molo asubuhi, jua la Nakuru mchana, na ufa umeshavuka hadi upande wa dereva. Askari wa trafiki anauona kabla hajakusalimu.

Lakini kero yangu hasa si lori. Ni fundi. Kioo cha mbele cha pikapu za zamani hushikwa na raba, si gundi kama magari ya siku hizi, na raba iliyopigwa na jua miaka yote hiyo hukauka, ukiivuta inakatika. Anayeijua kazi atakuambia ununue kioo na raba mpya pamoja. Huyu wangu akairudisha ileile, akapaka silikoni pembeni kwa kidole, akajipangusa kwenye suruali: "Mzee, hapo maji hayapiti."

Mvua ya kwanza tu, maji yakachuruzika nyuma ya dashibodi hadi kwenye fyuzi. Waipa zikagoma, na mvua ndiyo kwanza imekolea!

Nilipomrudia, eti shida ni bodi, imeliwa na kutu. Kutu ipo, sikatai. Lakini si aliiona alipotoa kioo? Mbona hakuikwangua na kupaka rangi wakati pale pako wazi? Sasa anataka alipwe upya kukitoa tena, na kikipasuka mkononi mwake, anasema, hiyo ni juu yangu.