Njia ya kutua ikibadilika, kompyuta isubiri

Ndege inaposhuka na njia ya kutua ikabadilishwa dakika za mwisho, kitu ambacho rubani hapaswi kukigusa kwanza ni kompyuta inayotunza njia ya safari. Nauweka msimamo huu mbele nikijua kwamba marubani wenzangu wengi watanipinga. Tumezoeshwa kwamba kila badiliko liingizwe kwenye kompyuta mara moja, ili otopailoti, mtambo unaoirusha ndege wenyewe, iendelee na kazi yake nasi tuisimamie.

Hapa Unguja jambo hili linatugusa moja kwa moja. Uwanja wa Abeid Amani Karume, ambao wazee bado wanauita Kisauni, una njia moja tu, inayolala kaskazini na kusini. Kusi ikivuma tunatua kwa 18, yaani tukielekea nyuzi 180 za dira, kusini, tukitokea kaskazini na kupita upande wa Ng'ambo. Kaskazi ikivuma tunatua kwa 36, yaani kuelekea nyuzi 360, kaskazini, tukitokea baharini kusini ya Chukwani. Sasa fikiria ndege kubwa inayotoka Ulaya au Ghuba katika msimu wa kaskazi. Imejipanga kuupita uwanja, izunguke kusini, kisha irudi. Lakini ni asubuhi, upepo bado umelala, na muongozaji wa ndege aliyeko chini, kwa nia njema kabisa, anauliza kama tungependa kuja moja kwa moja kwa 18. Tukikubali, safari imekatwa maili 15 au zaidi, na ndege iko juu vilevile.

Hesabu ni hii. Kila futi 1,000 za kushuka zinataka maili tatu za baharini. Ukiwa futi 12,000 unahitaji maili 36, na hapo hujaweka zile za kupunguzia kasi. Kwa njia ya zamani ulikuwa na maili 45, kwa hiyo ulikuwa umetulia. Kwa njia mpya una 30. Uko juu kupita kiasi kwa futi 2,000, na mwendo wako bado mkubwa. Rubani anayaona haya kichwani kwa sekunde chache, na ndiyo yanayomwambia ajibu nini. Kompyuta nayo itamwambia, ila kwanza inataka achague njia mpya, apange upya vituo, yaani alama ambazo ndege huzifuata njiani, afute vya zamani, na mwenzake ahakiki. Kwa wakati huo ndege inakula karibu maili tano kila dakika, vichwa viwili vimeinama, na chini yao vindege vya Caravan vinapishana kwenda Dar na Pemba.

Nikilifikiria swali lile la muongozaji huwa naikumbuka Cali, Kolombia, tarehe 20 Desemba 1995. Boeing 757 ya American Airlines ilikuwa imetoka Miami ikiwa imechelewa kama saa mbili. Ilikuwa inatokea kaskazini, imejipanga kuupita uwanja na kurudi kutua kwa njia 01. Muongozaji akawapa 19, waje moja kwa moja. Wakakubali, kwani ilikuwa nafasi ya kuokoa muda. Kuanzia hapo kila kitu kikawa cha haraka: karatasi za ramani mpya, spidibreki zimenyanyuliwa juu ya mabawa ili washuke upesi, na kompyuta inataka jina la kituo. Walikitaka kituo cha Rozo, wakaandika herufi R. Kompyuta ikakiweka juu ya orodha kituo cha Romeo, kilicho karibu na Bogotá, zaidi ya maili 100 pembeni. Wakabonyeza. Ndege ikageuka kushoto usiku ule, ikatoka kwenye bonde, na muda wote huo ilikuwa inashuka. Walipogundua walirudi kulia, lakini mlima ulikuwa umeshawazibia njia. Onyo la kukaribia ardhi lilipolia walivuta kupanda, na spidibreki bado ziko juu. Watu 159 walikufa kati ya 163.

Ataniambia mtu kwamba Unguja haina milima. Kweli, haina. Lakini ndege inayofika kizingiti cha njia ikiwa juu na ina kasi haihitaji mlima ili iharibikiwe, khasa masika, lami ikiwa imelowa.

Kwa hiyo ninachokitaka ni hiki: geuza kitufe cha mwelekeo cha otopailoti, chagua modi nyepesi ya kushuka, yaani namna rahisi ya kuiamuru ishuke, tazama nje, fanya hesabu. Ikikataa, mjibu muongozaji kwamba hatuwezi, au omba mzunguko mmoja juu ya bahari. Ndege ikishatulia, hapo mmoja aandike na mwingine aruke.

Na modi itamkwe kwa sauti baada ya kusomwa kwenye skrini, si kwenye kitufe. Mwezi Januari 1992 Airbus A320 ya Air Inter ilianguka mlimani karibu na Strasbourg, Ufaransa, wakafa watu 87. Wachunguzi waliona uwezekano mkubwa kwamba marubani walitaka pembe ya kushuka ya nyuzi 3.3, kumbe modi iliyokuwapo ilikuwa ya futi 3,300 kwa dakika. Kitufe cha kuzungusha kilikuwa kile kile kimoja.

Siipingi otopailoti. Usiku wa mvua, mawingu yakiwa yameshuka hadi minazini, naitaka na naishukuru. Ninachokipinga ni kanuni za baadhi ya mashirika zinazomkataza rubani kuruka kwa mikono hata siku ya jua isiyo na msongamano. Januari 2013 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliyahimiza mashirika yawaruhusu marubani kuruka kwa mikono pale hali inaporuhusu, kwa sababu makosa ya kuruka kwa mikono yalikuwa yanaongezeka. Kijana anayeajiriwa leo ataipata wapi ile hesabu ya maili tatu, kama kila siku skrini imeshamfanyia?

Nanyi ndugu zetu wa mnarani, mkiona upepo umelala na 18 inawezekana, tuambieni tukiwa bado mbali na juu, kabla hatujaanza kushuka. Hapo tutaikubali kwa furaha, na kompyuta tutaiandikia kwa nafasi.