Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Vijana wetu wanaofanya kazi za mtandaoni wamependa maisha ya kuhamahama: mwezi huu Istanbul, ujao Bangkok, halafu Lisbon. Kutembea si kubaya. Ila kwa miaka niliyoishi ughaibuni nimeona anayetulia mji mmoja anavuna zaidi, tena kwa mbali.

Kwetu wenye pasi za Tanzania na Kenya, maumivu huanzia kwenye viza. Ya matembezi ya Schengen, yaani eneo la nchi nyingi za Ulaya zinazotumia viza moja, inakupa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Kwa kawaida unatakiwa uiombe katika nchi unayoishi kihalali, kwa hiyo asiye na makazi popote anarudi Dar au Nairobi kupanga foleni upya, taarifa za benki mkononi. Na siku zote hizo hazimhesabii kitu kuelekea ukaazi. Mwenzake mwenye kibali cha kazi Ujerumani, akitimiza miaka mitano, michango ya pensheni na Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati, pamoja na masharti mengine, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Akikaa nje zaidi ya miezi sita, kwa kawaida kibali kinafutika. Sheria yenyewe inataka utulie.

Lakini linalonigusa zaidi ni watu. Hapa Leipzig, Ujerumani, bibi wa ghorofa ya chini mwaka wa kwanza aliitikia salamu zangu kwa kichwa tu. Leo ufunguo wangu wa akiba anao yeye. Nilipobanwa na kifua majira ya baridi alipanda ngazi na sufuria ya supu ya viazi, kisha akaninunia kwa sababu sikumwambia mapema. Hakuna anayekununia hivyo kama mmejuana wiki tatu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayehamahama huondoka kabla ya jembe. Hupokewa vizuri, hupiga picha, lakini haombwi kusaidia kubeba kabati wala kumchukua mtoto wa mtu shuleni. Tulipofiwa na Mtanzania mwenzetu, waliojua cheti cha kifo kinachukuliwa ofisi gani, nani azungumze na hospitali kwa Kijerumani, na nani akusanye michango ya kusafirisha mwili, walikuwa ni wale waliokaa.