Tadigradi wa mchanga wa pwani: tuhesabu miili au tusome DNA?

Kwenye mijadala ya wanafunzi wa uzamili Arusha na Moshi, hoja moja inazidi kupata wafuasi: mchanga wa Tanga au Pangani ukishafika maabara, hakuna sababu ya mtu kukaa kutwa kwenye hadubini akiwinda tadigradi. Tia mchanga kwenye kichupa, toa DNA ya kila kilichomo, tuma ikasomwe, subiri orodha ya spishi. Anayeshikilia hadubini anaonekana amepitwa na wakati. Kwa minyoo ya mchangani hoja hiyo inaweza kusimama vizuri. Kwa tadigradi wa baharini inaruka hesabu ambayo ni lazima ifanywe kwanza.

Tadigradi ni wanyama wa miguu minane, wengi wao chini ya nusu milimita. Spishi zilizokwisha kuelezwa duniani zinapita 1,300, na za baharini ni sehemu ndogo tu, mia mbili na ushee. Wanaosifiwa kwa kukauka na kufufuka ni hasa jamaa wa nchi kavu, wanaoishi kwenye kuvumwani kama wa miti ya Kilimanjaro na Meru. Wa mchanga wa bahari wengi hawana uwezo huo. Sampuli ikipata joto ndani ya buti la basi kati ya Segera na Same, kinachofika Moshi ni mabaki.

Sasa hesabu. Chukua bomba la sindano la mililita 60, kata ncha yake, lizamishe ufukweni: unapata takriban gramu 100 za mchanga uliolowa. Tuseme wamo tadigradi 20, na hao si haba. Vifaa vinavyotumika sana kutolea DNA ya udongo hupokea robo gramu kwa mara moja. Robo gramu ya mchanga huo inabeba 0.05 ya mnyama. Kwa maneno mengine, kati ya vichupa 20, kimoja ndicho cha kutegemea kuwa na tadigradi ndani. Ukipanda hadi vifaa vikubwa vya gramu 10, wastani unakuwa wanyama wawili, na bado vichupa 13 hivi kati ya 100 vitatoka vitupu, hata kama wanyama wametawanyika kibahati tu bila kurundikana. Nao hurundikana. Bomba moja laweza kuwa na makumi, na lililochomwa hatua moja pembeni lisiwe na hata mmoja. Spishi iliyo na mnyama mmoja tu ndani ya bomba zima ina nafasi moja kati ya kumi ya kuingia kwenye gramu hizo 10, na spishi adimu za namna hiyo ndizo anayepima anuwai anazozitafuta.

Mtetezi wa DNA atajibu kwamba wanyama huacha DNA mchangani, kwenye ngozi wanazojivua kwa mfano, kwa hiyo si lazima mwili wenyewe uingie kichupani. Ni kweli. Lakini chembe hizo zinashindana na minyoo ya nematodi, ambayo kwa kawaida ndiyo wengi kuliko wote mchangani, na mashine husoma zaidi kile kilicho kingi. Tena DNA iliyoachwa haisemi kama mwenyewe yu hai hapo au alipita na maji.

Njia ya kuikwepa hesabu hii ipo, na wenye maabara za DNA wanaijua: osha mchanga kwanza, ukusanye wanyama, ndipo utoe DNA. Unatia mchanga kwenye jagi, unamimina maji yasiyo na chumvi mara tatu ya ujazo wake, unakoroga kwa nusu dakika. Tadigradi wa baharini akishtuliwa na maji yasiyo na chumvi huachia chembe ya mchanga aliyoing'ang'ania. Unaacha mchanga utue kwa sekunde chache, unamimina maji ya juu kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 32 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na kurudia mara tatu hadi tano. Chujio la 63 linalotumika kwa wanyama wengine huwapoteza walio wadogo. Kilichobaki kirudishwe haraka kwenye maji ya bahari, maana wakikawia hujaa maji na kuvimba. Lakini ukishafika hapo, wanyama wamo kwenye sahani mbele yako. Kuwasaga bila kuwatazama ni uamuzi wa ajabu kidogo.

Maji ya kuoshea nayo yaangaliwe. Mengi yanatoka kwenye simtanki, na simtanki lisilosafishwa lina viumbe vyake. Yapitishwe kwenye chujio lile lile kabla ya kazi, na jagi moja la maji matupu lipelekwe kupimwa pamoja na sampuli, kwa sababu chujio huzuia wanyama ila halizuii DNA. Bila jagi hilo, tadigradi wa tangi ataandikwa kuwa mkazi wa Bahari ya Hindi.

Upande wa DNA una ushahidi mmoja mzito. Echiniscoides sigismundi, tadigradi aliyeelezwa mwaka 1865 na anayeishi kwenye miamba ya maji kupwa na kujaa, kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa spishi moja iliyoenea karibu dunia nzima. DNA ilionyesha kwamba chini ya jina hilo zimefichika spishi kadhaa ambazo hadubini ilikuwa ikizipita. Hadubini pia hudanganywa na umri: tadigradi mzima wa jenasi Batillipes ana vidole sita kwa kila mguu, kila kimoja na kisahani cha kunatia, lakini wachanga huanza na vinne. Mwanafunzi asiyelijua hilo atatangaza spishi mpya.

Hata hivyo, mpangilio wa DNA una maana pale tu hifadhidata inapokuwa na mwenzake wenye jina, na jina hilo lilitolewa na mtu aliyeutazama mwili. Kwa tadigradi wa baharini hifadhidata bado ni nyembamba. Majibu mengi huishia kwenye "tadigradi", basi. Sehemu ya DNA iitwayo 18S inayosomwa mara nyingi hubadilika polepole mno kutenganisha spishi zilizo karibu; sehemu nyingine, COI, hutenganisha, ila vianzishi vya kawaida (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kuinakili) mara kwa mara hushindwa kuinasa kwa wanyama hawa.

Kinachoamua yote ni chupa unayoibeba ufukweni. Formalini ya 4% hutunza umbo na kuharibu DNA. Isipotiwa boraksi hugeuka tindikali na kuyeyusha sindano za mdomoni, ambazo zina kalsiamu kabonati na hutumika katika utambuzi. Spiriti ya 96% hutunza DNA na kukunja ngozi. Tena watu huipunja: mililita 50 za mchanga uliolowa zina kama 20 za maji, kwa hiyo spiriti ya ujazo ule ule hushuka hadi karibu 70%. Osha pale pale pwani, gawa makapi yaliyobaki kwenye chujio sehemu mbili, moja kwenye chupa ya formalini na moja kwenye ya spiriti. Ya spiriti iwe na ujazo mara tano wa makapi na ibadilishwe kesho yake. (Kwenye basi isipande, inawaka moto, na konda akiikataa ana haki.)

Kwa kila umbo linaloonekana tofauti, chagua wanyama watatu hadi watano kutoka chupa ya spiriti, uwapige picha, kisha utoe DNA ya mmoja mmoja kwa Chelex (chembe za resini za kutolea DNA). Ngozi hubaki ndani ya kichupa. Iopoe kwa kitanzi cha waya, iweke kwenye gliserini juu ya slaidi, uzibe kingo kwa rangi ya kucha. Kazi hii haiwezi kufanywa kwa vituo mia vya kuchukulia sampuli, na hapo watu wa DNA wana haki ya kulalamika. Lakini majina yakishapatikana kwa vituo vichache, orodha ya vituo mia inaanza kusomeka. Slaidi zenyewe zikae Arusha badala ya pwani, ambako unyevu huotesha ukungu hadi kwenye lenzi. Kila moja iandikwe mahali, tarehe, kina cha mchanga, chupa iliyotumika na namba ya DNA.