Nilipima Dodoma, nikaja kushika fimbo Calgary

Wiki iliyopita mdogo wangu wa Nzuguni, Dodoma, alinipigia simu saa nane za usiku kwa saa za huku. "Kaka, wamenipitisha! Digrii yangu ni sawa na ya Kanada!" Alikuwa na karatasi ya tathmini ya vyeti kutoka shirika la WES, ile wanayoitaka uhamiaji. Sikupenda kuuzima moto wake, lakini ilibidi. Nilimwambia karatasi hiyo itamsaidia kuingia nchini. Kwenye kazi ya kupima ardhi haimfikishi hata kwenye kona ya kiwanja.

Mimi nilitua Calgary nikiwa na digrii, usajili wa nyumbani, na miaka tisa ya kupima viwanja Nala, Iyumbu na Ntyuka. Hiyo ni pamoja na ile pilikapilika ya baada ya CDA, mamlaka iliyokuwa ikiendeleza mji wa Dodoma, kuvunjwa, Mei 2017, kila mtu akitaka kiwanja makao makuu. Nyumbani nilikuwa naitwa "injinia" (si injinia, lakini nani anakataa?), na kulikuwa na kijana wa kunibebea chombo. Huku nikaanza kwa kushika fimbo, ile ya kusimamisha kwenye alama ili chombo kiilenge, mkuu wa kikosi akiwa mtoto wa miaka 24. Niseme ukweli: mshahara wa kushika fimbo huku unalipa pango na bili. Kule yule kijana wangu alikuwa kibarua wa siku, mvua ikinyesha halipwi. Hilo linanikera kuliko cheo nilichopoteza.

Sasa utaratibu wenyewe. Kila jimbo lina wapima wake wenye leseni, na hapa Alberta, jimbo la Calgary, leseni hiyo inatoka kwenye chama cha wapima wa jimbo. Kabla ya kufika huko kuna bodi ya watahini, CBEPS, ambayo haitosheki na kusikia una digrii. Inakuuliza ulisoma nini, somo baada ya somo, mada baada ya mada. Usichoweza kukithibitisha unakifanyia mtihani, au unarudi darasani. Chuo Kikuu cha Calgary kina fani hii. Halafu unakaa chini ya mpima mwenye leseni kama mwanagenzi, huku ukijiandaa kwa mitihani ya sheria na taaluma. Hesabu, jiodesia (elimu ya kupima umbo la dunia) na picha za anga nilisamehewa. Sheria ya mipaka nilikataliwa, na somo la matumizi ya ardhi likafuata mkondo huohuo.

Kwenye kundi letu la WhatsApp wengi wanaita huu ubaguzi. Na mimi nilipiga kelele hizo miaka miwili mizima. Siku hizi nimenyamaza, kwa sababu niligundua kitu ambacho sikukipenda: walikuwa sahihi kunikataa pale waliponikatalia.

Hesabu haina uraia. Mstari wa nyuzi 36 Mashariki, unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37 za UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda za nyuzi sita), unapita chini ya kilomita 30 mashariki ya Dodoma mjini. Ukipima kuelekea Chamwino unajikuta unabadilisha kanda, na kama umelala, koodineti zako, yaani namba za kuonyesha mahali, zinaruka nusu nchi. Nilipofika Calgary nikakuta mstari wa nyuzi 114 Magharibi, nao ni mpaka wa kanda, unakatiza ndani ya jiji. Nilicheka peke yangu. Alberta wao wameamua kutumia mfumo wa kanda za nyuzi tatu, huo mstari wa 114 ukawekwa katikati ya kanda badala ya ukingoni. Nilielewa siku moja, chai haijapoa.

Mpaka, lakini, ni habari nyingine. Nyanda za huku zilianza kukatwa mraba mwaka 1871: maili sita kwa sita, ndani yake vipande 36, kila kimoja ekari 640. Kwenye kona walipigilia chuma, na mahali pengi wakachimba vishimo vinne pembeni na kurundika kichuguu cha udongo. Leo chuma kimeoza au jembe la trekta limekibeba. Kazi yetu ni kupiga magoti na kukwangua udongo kwa sepetu, tabaka jembambajembamba, mpaka rangi ibadilike na umbo la kishimo cha zaidi ya miaka mia lijitokeze. Wakati wa baridi ardhi ni jiwe, kazi hiyo huiwezi. Ukikipata kishimo, hiyo ndiyo kona. Hata kama yule mpima wa zamani alikosea kwa mita tatu, sheria ya jimbo inasema alama ya kwanza ndiyo mpaka wa kweli, vipimo vya kwenye ramani vikae pembeni. Katika kupanga ushahidi wa mpaka, namba huja mwishoni kabisa.

Siku waliponieleza hilo, nilimkumbuka mzee mmoja wa Ntyuka.

Tulikwenda kwake na GPS, mimi na kijana wangu. Nikamsalimu, "Mbukwa, babu," akaitikia, akatupeleka kwenye mstari wa minyaa. "Mjukuu wangu, mpaka ni hapa. Huu aliupanda baba yangu." Kifaa kilisema mpaka wa mpango uko hatua kumi ng'ambo ya minyaa ile. Nilimwambia kwa heshima zote kwamba koodineti hazidanganyi, nikapigilia bikoni, alama ya mpaka, shambani kwake. Alinitazama tu. Nilirudi mjini nikijiona nimefanya kazi safi.

Sheria zetu ni tofauti, najua. Kule ardhi yote ni ya umma chini ya Rais, na mchoro wa mipango miji una nguvu zake. Lakini mimi sikuandika hata mstari mmoja kwenye kitabu cha uwandani kuhusu minyaa ile. Mpima wa Alberta asiyeandika uzio wa zamani aliouona hafaulu. Hilo ndilo somo nililokuwa sina, na bodi iliona halipo bila kunijua.

Ninachokilalamikia kimebaki kimoja: gharama na muda. Ada ya kila mtihani unailipa kwa mshahara wa fimbo, na watoto wanataka viatu vya theluji.

Kwa hiyo mdogo wangu nimemwambia aache kushangilia tathmini, akatafute mihtasari ya masomo yake yote ikiwa na mhuri, sasa hivi, akiwa bado yupo huko na anaweza kukaa kwenye benchi nje ya ofisi. Mimi niliifuatilia nikiwa huku. Mtaala ulikuwa umeshabadilishwa na walimu wawili wamestaafu. Jana kanitumia ujumbe: mihtasari 31, iliyogongwa mhuri 19. Iliyobaki inamsubiri mwalimu aliyekwenda kuzika.